Vidonge vya Kunawirisha
Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi alishonea sebuleni huku akivilaani vidole vyake. Maungo yalivimba mpaka kutunga uzi kwenye sindano kukawa vita. Akaenda kwa mwenye duka la dawa la mtaani, bwana ambaye watu humwita Daktari ingawa udaktari wake unaanzia na kuishia kwenye koti jeupe. Akamfungia vidonge vidogo kwenye karatasi, bila jina.

"Kula kimoja kila siku, mama. Vinatuliza maumivu, tena vinanawirisha."

Maumivu yakaisha kweli. Mashavu yakajaa. Ndipo likaanza neno ninalolichukia mpaka leo: umenawiri. Wateja walilimwaga, mawifi walilimwaga, na shangazi akavimba kichwa kwa sifa kama alivyovimba uso kwa dawa. Mimi nilimwona akibadilisha nguo: tumbo mbele, mikono imekonda, ngozi imejaa michirizi ya zambarau. Nikamwambia hiyo si afya.

"Wivu huo, mwanangu," akacheka.

Kisha Daktari akamwambia vimekwisha, arudi mwezi ujao. Hakumwonya hata kwa neno moja. Shangazi akaanza kutapika, akaishiwa nguvu, na asubuhi moja nikamkuta ameanguka kando ya cherehani, mwili wa baridi, jasho linamtoka, hasemi.

Hospitalini nilielezwa na daktari wa kweli.

"Juu ya figo kuna tezi. Zinatoa homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa na misukosuko. Vidonge alivyokula ni homoni ya aina hiyo hiyo. Ukivila muda mrefu, tezi zinalala. Ukiviacha ghafla, mwili hauna kitu, presha inashuka, mtu anakufa."

Nilikwenda dukani. Bwana yule alikuwa akichokonoa meno.

"Mbona alipokuwa ananawiri hamkuja kulalamika?" akaniuliza.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akauliza kama vile vya kunawirisha vimeshaingia. Nikatoka nje nikatapika.

Shangazi aliokolewa kwa kudungwa homoni hiyo hiyo. Sasa hospitali inampa vidonge vile vile, ikimpunguzia kidogo kidogo, na hakuna anayejua kama tezi zitaamka. Vidole vyake vimerudia kuuma, kwa hiyo mimi ndiye ninayemfungulia kopo la dawa kila asubuhi. Nasikia kinyaa hata kuvigusa vidonge hivyo. Lakini siku nitakayosusa kumpa, nitakuwa nimemuua mimi.