Mtu anayeheshimiwa na mume wangu

Leo saa tano asubuhi, mbele ya wateja watatu, nimepoteza nafasi ya kwanza moyoni mwa mume wangu.

Nilikuwa nasuka, saluni kwangu hapa mtaa wa Albert Park. Mume wangu, Baba Josué, kakaa kando na simu yake, akaanza:

"Iko mutu moja namuheshimu sana. Miaka kumi hajakosa kazi. Akiwa mgonjwa, anakuja. Kidole kikiumia, anafunga plasta, anaendelea."

Saluni hii ina miaka kumi. Na mwezi uliopita niliunguza kidole kwa maji ya moto ya kuchovya rasta, nikafunga plasta, nikasuka mpaka jioni.

Mama Aline, niliyekuwa namsuka, akacheka. "Dada, leo unasifiwa."

Nikainamisha uso kama bibi harusi.

Baba Josué akageuza simu. Jitu limevaa kofia na glavu moja kubwa.

"Ni huyu. Anacheza besiboli, Amerika."

Mama Aline akakohoa, akaanza kuangalia dirishani.

Nimepiga hesabu. Besiboli yao inapumzika karibu miezi mitano kila mwaka. Mimi nafunga Krismasi na Pasaka. Yeye akichoka, kuna mwenzake wa kuingia. Mimi nikichoka, anaingia nani?

Wadada mnaosoma hapa, niambieni kama huu ni wivu wa bure.

Na wewe Baba Josué, najua unasoma. Ulipokuwa unasema yale maneno yote, mimi hukunifikiria hata kidogo? Ndiyo au hapana, hapa hapa mbele ya watu, kabla sijafunga saa kumi na mbili.