Jina Nililoliandika Kwenye Blogu ya Korosho

Kwetu Newala mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama yangu alikuwa Mama wa dada yangu, sokoni, msikitini, kisimani, hata baada ya dada kufariki akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi ni wa pili, na wa pili hampi mama jina. Jina la dada sitaliandika hapa. Nimeshalichezea vya kutosha.

Mama alikuwa anabangua korosho. Anazikaanga kwenye bati mpaka mafuta ya maganda yanashika moto, anazizima kwa mchanga, anazigonga kwa kijiti moja moja, mikono kaipaka majivu isiungue. Korosho zake nyeupe, hazivunjiki, na mnunuzi hakuna! Ndipo nikamwambia ahamie kwangu Masasi, kuna mabasi ya kila upande, halafu mimi nitafungua blogu.

Watu walinicheka. Nani asome habari za korosho? Wakasoma, tena sana. Bango la dukani linakutajia bei basi, lakini kwenye blogu niliweza kueleza kwa nini korosho ya kijivu ilinyeshewa, kwa nini ya mama haina harufu ya moshi, na kwa nini wiki hii mzigo umechelewa. Mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kuuona mkorosho alitusoma mwezi mzima kimya, kisha akaagiza kilo ishirini. Kwa blogu ile tulipaua nyumba, wallahi, sidanganyi.

Ila siku ya kwanza ilinibidi nijaze jina la biashara. Nikaandika "Korosho za Mama", nikamalizia na jina langu mimi, na lebo za mifuko zikachapwa hivyo hivyo.

Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya wateja, kwa kuwa wangepiga simu yangu na sikutaka kila mmoja aniulize dada yuko wapi. Uongo mtupu. Nilikuwa na wivu na marehemu. Maisha yangu yote nilisikia mama yangu akiitwa kwa mtoto mwingine, nikaona sasa na mimi zamu yangu. Jamani, kiherehere!

Nilimsomea mama jina hilo. Akauliza, "Huyo mama ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Akazitazama korosho zake. "Haya, kama ndiyo biashara."

Masasi hakuna aliyemjua. Majirani wakafuata lebo, makondakta wakafuata lebo, watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Mama" na jina langu, naye anaitikia marahaba. Simu yetu ilikuwa moja, yangu. Kila msimu alitaka kupanda basi la Newala akawaone wenzake, na kila msimu nilimwambia subiri kidogo, mama, oda zimejaa. Misimu mitatu.

Siku moja tunafungasha mzigo, akasema bila kuniangalia, "Newala dada yako alikuwa anaitwa kila siku. Hapa ni kama hajazaliwa."

Niliumia, na nilistahili. Nikaingia ndani nikaandika habari ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika: kwamba kuna dada yangu, kwamba ndiye aliyemfanya mama awe mama, na kwamba jina lililokuwa juu ya blogu nililiweka kwa choyo. Wateja wangenitukana ningewaelewa. Badala yake wakaniletea pole, na mmoja akataja jina la mtoto wake aliyezikwa. Nikabadilisha jina la biashara, nikaweka la dada, nikaagiza lebo mpya, na mama sikumwambia kitu. Nilitaka nimfurahishe.

Lebo zilipofika nikazichukua stendi, nikaenda nazo nyumbani karibu nakimbia. Mama alikuwa uani kanipa mgongo, anagonga korosho. Nikasimama mlangoni nikamwita kama walivyokuwa wakimwita Newala, Mama wa dada yangu, kwa jina lenyewe.

Hakugeuka. Nikaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kugonga.

"Mama!"

"Abee." Akageuka, akachungulia nyuma yangu. "Una mgeni? Maana nasikia unamwita mama mwenzangu, mkaribishe basi."

Nikamnyooshea lebo tu. Hajui kusoma, lakini aliniona ninavyolia, na nadhani hapo ndipo lile jina lilipomfikia. Kijiti kikamtoka mkononi.

"Mungu wangu. Nimemsahau mwanangu."

"Hukumsahau, mama. Mimi ndiye niliyemfuta."

Hakunisikia. Alikuwa amekaa chini mchangani na mikono yake ya majivu, anajiita mwenyewe kwa jina la dada, na kila akijiita anajiitikia, abee, abee, mpaka sauti ikamkauka.