Stoyan, Yaani Abaki

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, maana jambo hili halielezeki kwa sauti kubwa. Linaanza na harufu ya pilipili mboga nyekundu zinazochomwa juu ya makaa. Ngozi huungua mpaka ikawa nyeusi na kupasuka, na ndani yake hutoka moshi mtamu, mzito, usiofanana na wa chakula chochote cha kwetu. Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni na mifuko yangu, moshi huo ukanijia kutoka ua wa watu nisiowajua, nami nikasimama pale pale kama mtu aliyeitwa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Al Khoudh, pembeni mwa Maskati huko Omani, katika safu ya nyumba nyeupe ambazo wengi waliokaa humo walikuwa watu wa chuo kikuu. Baba alikuwa karani huko. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mbulgaria mtu mzima, mwalimu wa elimu ya mawe, jina lake Stoyan. Ujanani aliwahi kukaa Dodoma miaka mingi akitafuta maji chini ya ardhi, na alirudi na Kiswahili cha bara kilichonyooka kama rula. Kila joto lilipoanza kupungua, yeye na mkewe walikwenda soko la Mawaleh na kurudi na magunia ya pilipili mboga yaliyojaa kiti chote cha nyuma. Ijumaa waliwasha makaa uani, wakazichoma, wakazimenya, wakazijaza kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi.

Bibi yangu, mama yake Baba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akiwaangalia juu ya ukuta, amesimama kwenye kibao cha mbuzi wa kukunia nazi.

"Bwana Stoyan, hiyo baridi unoiwekea akiba itatoka wapi hapa Maskati?"

"Inaweza kuja, Bibi."

"Ikija itatukuta tushakufa na joto."

Basi walicheka, na chupa moja ikavuka ukuta kuja kwetu. Sisi tulipeleka mandazi.

Sasa nikueleze hali ya nyumbani, ili usipotee. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, binti. Baada yangu Mama alizaa watoto wawili, na wote walifariki wakiwa bado wachanga. Nilikuwa mdogo mno kuwakumbuka. Nilichokijua ni kwamba hawatajwi. Mtu akikaribia kuwataja, Baba alikohoa na Mama akainuka kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakukileta. Nilidhani hiyo ndiyo adabu ya kifo, kwamba mtu akishazikwa jina lake linazikwa naye.

Nilipofika miaka minane Mama akawa mjamzito tena, na nyumba nzima ikaanza kutembea kwa ncha za vidole. Bibi hakuficha alilotaka. Kwao Unguja, alisema, mtoto anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa hutiwa jaani, yaani huwekwa juu ya takataka kama kitu kisichotakiwa. Jirani hupita akamwokota, akamleta mlangoni kama mtoto wa mtu mwingine. Kutoka siku hiyo mama mzazi humwita mtoto wa jirani, na mauti, yakija kumtafuta mtoto wa nyumba ile, hayamwoni.

Baba alikataa. "Mama, huku ni Al Khoudh. Watu watatucheka. Na dini yetu haina mambo hayo."

"Dini nnaijua kabla hujazaliwa," Bibi akajibu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe kaa na kucheka kwa watu."

Siku mbili tatu baadaye Bibi alikuwa ukutani akimlalamikia Stoyan. Nilikuwa nimekaa chini nikimenya kitunguu thaumu. Alipomaliza kueleza, Stoyan akaweka chini koleo la makaa.

"Bibi, mimi mwenyewe nilitupwa hivyo hivyo."

"Nyie Wazungu?"

"Sisi. Kabla yangu walikufa watoto watatu. Mimi nilipozaliwa walinifunga nguo, wakaniweka kwenye njia panda. Mtu wa kwanza kupita ndiye aliyeniokota na kunipeleka kanisani. Alikuwa mwuza masufuria. Jina langu maana yake ni kusimama, kukaa. Yaani, mtoto abaki."

Bibi alishuka kwenye mbuzi, akakaa juu yake. "Kumbe na kwenu watoto wanakufa," akasema, kama mtu aliyepata habari za ndugu wa mbali.

Stoyan alikuwa mwalimu, na mwalimu haachi jambo nusu. Akatueleza kwamba kwao akina Stoyan hawahesabiki. Yuko aliyekuwa waziri mkuu, yuko mshairi, wako waliopigana milimani wakati wa Waturuki, wako wacheza mpira ambao watu huwaimba uwanjani. "Wengi wamerithi la babu zao tu," alisema. "Lakini rudi nyuma, rudi nyuma tena, utamkuta mama mmoja aliyeogopa."

Nilipenda sana maneno hayo. Nikaona jina ni kama msumari, ukishapigiliwa mtoto hang'oki.

Mama alijifungua mtoto wa kiume, mdogo, mwenye nywele nyingi na kilio chembamba. Bibi alimjia Baba kwa njia nyingine. Alimwambia: "Nnataka aitwe Abdulbaki. Jina la Mungu hilo, utalikataa?" Na nyumbani, Bibi akaongeza huku akitazama dari, tutamwita Baki tu, kwa kufupisha. Baba alielewa vizuri. Alitikisa kichwa, lakini nilimwona akitabasamu.

Siku ya saba asubuhi, Baba alipokwenda kazini, Bibi alitoka na ndoo. Al Khoudh haikuwa na jaa. Ilikuwa na pipa la chuma la baladia, yaani manispaa, pale kona, lenye magurudumu na paka wake. Bibi alilisugua kwa sabuni, akalisugua tena kwa dawa, akalifuta kwa kitambaa, kisha akachukua chetezo akalifukiza udi. Nadhani katika Maskati nzima halijapata kuwapo pipa la taka lililonukia vile. Mfagiaji wa barabara, kijana wa Kibangladeshi, aliegemea ufagio wake akatazama, asijue aondoke au avue viatu.

Baki akawekwa juu ya kifuniko, amefungwa kanga mbili. Mkono wa Bibi haukumwacha hata kidogo, ingawa alikuwa amegeuza uso upande wa pili ili ionekane amemtupa. Stoyan, kama walivyopatana na Bibi, alikuja amevaa koti, katika joto lile, na tai. Alimwinua mtoto, akatembea mpaka mlangoni kwetu akabisha hodi.

"Nimeokota mtoto jaani. Nani anamtaka?"

"Hatumtaki!" Bibi, aliyewahi kuingia ndani, akapiga kelele. "Mbaya huyo! Kichwa kama dafu!"

"Basi nani atanilelea?"

Mama alikuwa nyuma ya mlango. Alinyoosha mikono, akasema, "Lete. Nitamlea mtoto wa jirani." Akampokea kama mtu anayepokea sahani ya kuazima.

Nilipotoka kufuata ndoo ya Bibi niliona gari la Baba limesimama upande wa pili wa mtaa, injini inawaka. Kumbe hakwenda kazini. Alikaa mle mpaka Stoyan aliporudi kwake, ndipo akaondoka. Hakulisema jambo hilo hata siku moja, na mimi ilinichukua miaka kujua kwamba mtu anaweza kukataa jambo kwa mdomo na huku analilinda kwa macho.

Baki alinenepa. Alijifunza kucheka. Alikuwa akikamata kidole changu akinitazama kwa ukali, kama askari aliyekamata mwizi. Mama alimwita mtoto wa jirani mchana kutwa: mtoto wa jirani amelala, mtoto wa jirani ana njaa. Wageni walikuwa wanashangaa, na Bibi anawakonyeza.

Kabla hajaanza kutambaa alishikwa na homa. Walimpeleka hospitali asubuhi. Jioni Baba alirudi amembeba, na kanga imemfunika mpaka usoni. Wanaume walikwenda kuzika kabla ya jua kuzama. Watu wachache tu walikuja, kwa sababu msiba wa mtoto mchanga kwetu haukawii. Wengi walimwambia Mama, "Ni ndege wa peponi huyo, usilie," na Mama hakulia. Alisema tu, mara moja, akiwa amekaa mkekani: "Mtoto wa jirani amekufa."

Baba alikiondoa kile kitanda kidogo. Akaniita kando. "Usimtaje, mama. Utamuumiza mama yako." Nikaelewa. Walikuwa wawili wasiotajwa, sasa watatu.

Stoyan alikuwa akija kila jioni kukaa na Baba sebuleni. Hawakuzungumza sana. Jioni moja nilimsubiri kizingitini, alipokuwa ameinama kuvaa viatu, nikamwambia neno lililokuwa likinichoma.

"Babu Stoyan, jina lako halifanyi kazi."

Hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi.

"Kabla yangu, mjukuu wangu, kulikuwa na Stoyan mwingine," akasema. "Yule wa tatu. Yeye pia aliitwa abaki. Hakubaki. Nilipozaliwa mimi, mama yangu akalichukua jina lile lile, akanipa."

"Kwa nini, na lilishashindwa?"

"Hakuwa na kingine cha kunipa."

Nilisikia pazia likisogea. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mtandio mabegani, na sijui alikuwapo tangu lini.

"Ulijuaje?" akamwuliza Stoyan. "Alikuwa anakwambia?"

"Kila mwaka ilikuwapo Jumamosi ya wafu. Alipika ngano, akawasha mishumaa, akawataja. Rada. Petar. Stoyan. Mimi nimewajua ndugu zangu kwa mdomo wake."

Mama alishika fremu ya mlango. Ndani, Baba alikohoa kama kawaida yake. Mama hakwenda jikoni.

"Wangu ni Sabra," akasema. "Na Hilali. Na Baki. Si mtoto wa jirani. Wangu."

Ndipo akalia, kwa sauti, pale pale mlangoni, na Bibi akaja akamshika, na Baba akatoka akasimama karibu nao bila kujua aiweke wapi mikono yake. Mimi nilikuwa nayarudia majina hayo kimoyomoyo: Sabra, Hilali. Nilikuwa na miaka tisa na ndiyo kwanza nawajua wadogo zangu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwalimu na mkewe walirudi kwao. Mama hakuzaa tena. Lakini tangu jioni ile kila akihitimisha dua yake alituita wote wanne kwa majina, mimi niliye hai na wenzangu, kwa mfuatano wa kuzaliwa, na sikuwahi kumwona akiumia zaidi kwa kututaja. Utotoni nilidhani jina ni msumari wa kumshikilia mtoto duniani. Sasa nina watoto wangu, nami najua halina nguvu hiyo, wala waliolitoa hawakudanganyika. Mama wa Stoyan alijua, Bibi alijua, hata Baba ndani ya gari lake alijua. Mzazi akishafanya yote, na yote yakawa hayatoshi, bado ana mdomo.

Kama kwenu yuko mtoto aliyetangulia akiwa mdogo, nenda leo kwa mama yako, kaa karibu naye, umwulize aliitwa nani. Akikwambia, lirudie jina hilo kwa sauti, naye akisikia.