Picha Nyuma ya Kioo

Kanisani wananiita Mama Funguo. Jina langu la ubatizo walishalisahau, hata mchungaji hulitafuta kwanza mdomoni akitaka kunitambulisha. Sina neno. Funguo ninazo kumi na nne kwenye pete moja, na nikitembea nasikika kabla sijaonekana, kwa hiyo wambea wa kwaya hupata muda wa kubadilisha mazungumzo.

Kazi yangu ni kufagia, kufungua na kufunga, na kutunza chumba cha wageni kilichoko nyuma ya jiko la kanisa. Wageni wenyewe si wa kuja na mabegi. Ni familia zilizokosa pa kulala: walioungua, waliofukuzwa na mwenye nyumba, waliokimbiwa na baba. Kanisa linawapa chumba miezi mitatu, vitanda viwili, jiko la mafuta, na chakula wanacholeta waumini. Ni jambo jema, sitadanganya. Mimi mwenyewe lilinifaa. Miaka kumi na tisa iliyopita niliingia chumba hichohicho na binti yangu wa miaka kumi, baada ya baba yake kuuza kila kitu hadi sufuria na kutokomea. Tulilala tumeshiba. Miezi mitatu ilipokwisha nikapewa ufagio, na ufagio ninao mpaka leo.

Ila kuna utaratibu. Jumapili ya kwanza familia inaitwa mbele, inasema asante, inakabidhiwa vitu, inapigwa picha. Picha inabandikwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, chini ya maandishi makubwa: TULIOWAPOKEA. Kila Jumamosi napangusa kioo hicho. Picha yangu iko mstari wa juu. Nimekenua meno kama mtu aliyeambiwa akenue, na ndivyo nilivyoambiwa. Binti yangu amekumbatia jozi ya viatu vyeusi alivyopewa siku hiyo, macho yako sakafuni.

Viatu vile vilitoka kwa mtoto wa darasa lake. Jumatatu shuleni yule mtoto akawaambia wenzake, "Hivyo vilikuwa vyangu, mama kampa." Hakusema kwa ubaya. Alisema ukweli tu, na ukweli huo ukamfuata binti yangu mpaka darasa la mwisho. Alipofika miaka kumi na saba akaniambia, "Mama, itoe ile picha." Nikamjibu, "Si yangu, mwanangu. Ni mali ya kanisa, na kabati limefungwa." Hakubishana nami. Tangu siku hiyo hajapita lango la kanisa. Sasa ni fundi cherehani mji mwingine, ana duka lake, ananipigia kila wiki. Akija kunisalimia ananisubiri ng'ambo ya barabara, na jua lote lile, mpaka nimalize kufagia. Zamani lilinichoma jambo hilo. Siku hizi halinichomi. Mahali pakichomwa miaka mingi panakufa ganzi, ndiyo hivyo.

Sasa, mwaka huu akaja msusi. Nyumba aliyopanga iliungua kwa hitilafu ya umeme, akatoka na watoto watatu na chanuo moja mfukoni. Jumamosi Mzee Ratiba akaniita pembeni. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya upendo, na tunamwita hivyo kwa sababu hata akipiga chafya hutazama saa.

"Msusi amegoma," akasema. "Hasimami mbele, watoto wake hawapigwi picha. Kaongee naye. Wewe ulisimama, na ona ulivyo leo."

"Nilivyoje?"

"Si una kazi? Mwomba chumvi huombea chungu chake, Mama Funguo. Asiposimama, watu hawatoi. Na asiposimama kesho, keshokutwa nachukua ufunguo wa chumba. Kuna familia nyingine inangoja, na hao hawana maringo."

Nikaenda. Sikuona ubaya wowote, nilitumwa. Nilimkuta msusi anaanika sare za shule. Hata sijakaa vizuri akanitazama kichwa.

"Mama, hizo nywele kakufanyia nani? Ana kesi ya kujibu. Hebu kaa hapa."

Basi akawa ananisuka, nami namshawishi.

"Dakika tano tu, mwanangu. Unasema asante, unacheka kidogo, yamekwisha. Haiumi."

Alikuwa ameshika nywele za kisogoni, pale ambapo hata mtu mzima hutokwa machozi. Akavuta.

"Nimevuta sana. Huumii?"

"Siumii."

Mikono yake ikasimama. "Hata kidogo?"

"Wewe suka tu."

Akasuka mistari miwili. Halafu akasema, "Nimeiona picha yako pale mlangoni. Yule mtoto wa viatu yuko wapi?"

"Yupo. Mzima. Anashona."

"Anasali hapa?"

"Hapana."

Msusi hakunichimba. Alisema taratibu, "Shukrani ninayo, mama. Nitafagia, nitapika, nitasuka kwaya nzima bure. Lakini binti yangu mkubwa anasoma na watoto wao. Nikifukuzwa, basi nifukuzwe."

Jumapili ikafika. Mchungaji akaita, "Familia tuliyoipokea ipite mbele." Mpiga picha akasogea. Mzee Ratiba akatazama saa. Benchi la msusi halikutikisika. Binti yake mkubwa alikuwa ameinama, macho sakafuni, na hata hajapigwa picha bado. Macho yale ninayajua, nayapangusa kila Jumamosi. Nikajikuta nimesimama. Funguo zikalia, kanisa zima likageuka.

Nikaenda mbele nikasema, "Familia ipo. Wana njaa kama watu wengine. Hawaji huku mbele. Mwenye mchele aulete jikoni, nitaupokea mimi. Na kama lazima picha, nipigeni mimi, meno bado ninayo mawili matatu."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mama mmoja wa benchi la kwanza akauliza kwa sauti, "Sasa tutajuaje tumemsaidia nani?"

"Utajua umetoa, dada. Haitoshi?"

Sauti yangu ilitoka kavu, kama natangaza mwavuli uliosahaulika. Moyo haukwenda mbio wala nini. Nikarudi kukaa.

Chakula kilikuja. Kilipungua kuliko siku nyingine, lakini kilikuja. Mzee Ratiba naye akaja, hakungoja hata hiyo Jumatatu yake, mkono ameutanguliza.

"Ufunguo wa chumba."

"Umepotea."

"Umepotea vipi? Si huo hapo kwenye pete!"

"Miaka kumi na tisa sijapoteza hata mmoja, mzee. Nina haki ya kupoteza mmoja."

Mchungaji alikuwa nyuma yake na gunia la unga begani. Akaitazama pete, akanitazama mimi.

"Kama umepotea, umepotea," akasema. "Tutautafuta hii miezi mitatu. Ile familia nyingine waje kwangu, sebule yote ya nini? Mzee, hebu nishikie huku, gunia linateleza."

Mzee Ratiba akashika gunia. Angefanyaje?

Watu walipokwisha kuondoka nikaenda mlangoni. Nikatafuta ule ufunguo mdogo kuliko zote, nikafungua kabati la kioo, nikang'oa pini nne, nikaitoa picha. Nyuma yake ubao ulikuwa bado na rangi ya siku ulipopakwa. Nikakaa kwenye ngazi, nikampigia binti yangu.

"Nimeitoa ile picha."

Nikasikia cherehani yake ikisimama.

"Wamekuruhusu?"

"Sijaomba. Nimefungua tu."

"Umefunguaje? Si ulisema kabati limefungwa?"

"Limefungwa, ndiyo. Ufunguo ninao mimi."

Akashusha sauti. Afadhali angenifokea.

"Mama," akasema, "unao tangu lini?"

Sikuwahi kumdanganya yule mtoto. Kichwa kikaanza kuniuma, huku kisogoni, pale msusi alipovuta jana.

"Tangu waliponipa ufagio," nikamwambia.