Batri ya Phonie Iliyobakia ku Kilio

Bwana yangu Kasimu ni mutu wa njia. Baba yake alitoka Kasongo na kuuzisha chumvi, yee akashika usukani. Jeep anaendeshaka ni ya Tata Yassini wa ku muskiti. Kila juma anabeba sukari, sabuni na samaki ya kukauka kutoka Kolwezi mpaka Mutshatsha na ku bijiji ya mbele, kisha anarudia na makala. Ukimuuliza bei ya makala, atakujibu. Ukimuuliza roho yake iko namna gani, utangoja mpaka uchoke. Mi, Leila, nilishazoea, ninasemaka maneno ya batu babili.

Mu jeep muko phonie, ile redio ya kuongea na batu ba mbali, juu kule telefone haishikake réseau. Zamani ilikuwa inatumia batri ya motoka. Siku moja Kasimu akaongea sana na motere imezimwa, motoka ikakatala kuwaka, akalala mu pori na samaki yake. Kisha pale fundi akamuwekea batri ya pili nyuma ya kiti, ya phonie peke yake. Motere inaichaji mu njia, na phonie haigusi tena nguvu ya kuwashia motoka.

Phonie yenyewe haikuwa ya biashara tu. Infirmier, muuguzi wa kijiji kimoja mbele ya Mutshatsha, iko na phonie yake ku dispensaire. Mugonjwa akizidiwa, Kasimu njo anaitwaka, juu hakuna motoka ingine karibu. Kuko mutoto kule alipewa jina Kasimu kwa kumushukuru, hata kama baba yake anaimbaka ku chorale ya bakatoliki.

Basi Tata Ngoyi, jirani yetu, akakufa. Bibi yake, Mama Florentine, tunapeanaka chumvi naye tangu niliolewa. Courant ya umeme ilikuwa imekatika mu quartier yote. Mama Florentine akaomba batri ya phonie, juu ya taa na micro ya baimbaji. Nani anakatalaka kitu ku kilio, ku nyumba ya matanga? Kasimu akaifungua mwenyewe, akaibeba, akawasha taa. Mi nilimusifu mbele ya batu.

Kesho yake asubuhi alipaswa kwenda Mutshatsha. Akaenda kuchukua batri yake, akakuta bamama balilala ku mikeka karibu na ile taa, na Mama Florentine katikati yabo. Kwetu hapa, kitu umeingiza ku kilio hauiondoshe mpaka kilio kiishe. Batu batasema kifo cha mwenzako hakikuumi. Akarudi mikono mitupu. Nikamuuliza, na phonie je? Akasema ni safari moja tu. Mi nikamumiminia chai, sikuongeza neno, mi mwenye nasemaka kila kitu.

Siku ile ile uchungu ikamushika Myriam, binti ya Mama Florentine. Aliolewa mu kile kijiji, na hakukuya kuzika baba yake juu ya mimba. Mutoto alikaa vibaya mu tumbo. Infirmier akaita Kasimu ku phonie, akaita tena, akaita muchana yote. Na Kasimu alikuwa wapi? Pa njia panda ya kijiji chenyewe, anakaza boulons ya gurudumu na kutafuna mihogo, phonie mbele yake imenyamaza. Mwisho, jeep ilishapita, bakamupandisha Myriam ku pikipiki. Yee alipona. Mutoto alikufa mbele ya kufika ku hospitali ya Mutshatsha.

Infirmier alimukuta Kasimu kule kule Mutshatsha, pale anarudia na makala, akamuelezea yote na hakumugombeza. Akasema ni mvua ya siku hizi njo inaharibu phonie. Kasimu akaitikia kwa kichwa.

Kile kichwa njo kilimumaliza. Huku Kolwezi batu bote bakalaumu mvua, na Mama Florentine akamushukuru tena juu ya taa. Kasimu akaacha kula bukari, ugali yetu ya kila siku. Ku muskiti alikuwa anabakia peke yake wakati benzake bamekwisha kutoka. Mi nikakasirika, nikamufokea kama mutoto: mvua haina kinywa ya kujitetea, sema wewe. 

"Leila, nilikuwa karibu," akasema. "Nilikuwa ninakula."

Nikaona haya. Mi pia nilikuwa najua asubuhi ile, na nilimumiminia chai.

Kilio kilipoisha tukaenda sisi babili. Mama Florentine alikuwa anachambua maharagi mu lupango ya nyumba yake. Kasimu alikatala kiti, akaikala chini, akamuambia yote: haikuwa mvua, phonie ilikuwa nzima, batri njo ilibakia hapa. Nilikuwa nangoja matusi, na ningeyapokea. Mama Florentine aliendelea na maharagi yake kwanza.

"Asubuhi uliingia, nilikuwa macho," akasema. "Nilikuona. Nikafumba macho ili usiombe batri yako."

Kasimu akalia. Sikuwa nimemuona akilia, hata ku maziko ya mama yake. Mama Florentine hakumunyamazisha.

Akatuambia Myriam anataka kuona kaburi ya baba yake, na anangoja jeep. "Maneno yako, utamuambia mu njia," akasema. "Yangu, uniachie. Nitaisema mwenyewe akifika."

Kasimu aliondoka leo asubuhi kumuchukua. Mama Florentine anaikala pa mulango yake tangu jua litoke, na mi ninaogopa kwenda kumusalimia.