Gari Haliachwi kwa Fundi

Marehemu baba yake Mama Pacha alikuwa dereva wa lori, na urithi aliomwachia binti yake ni neno moja tu: gari haliachwi kwa fundi. Ukimpelekea fundi gari, tafuta kigoda ukae hapohapo. Tazama kila bolti inayotoka na kila bolti inayorudi, na kifaa kibovu kikishatolewa kichukue mwenyewe uondoke nacho, usije ukauziwa tena mwezi ujao kikiwa kimepigwa rangi. Wenzake waliachiwa mashamba. Yeye aliachiwa hilo, na alilishika kama sala.

Basi mfikirie siku ile, ugenini, amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kioo, gari lake limenyanyuliwa juu huko ndani, magurudumu yametolewa, na mlango wa kwenda waliko mafundi umeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba mteja haruhusiwi kupita. Alijaribu kupita mara ya kwanza, dada wa mapokezi akamrudisha kwa upole. Akajaribu tena, akarudishwa kwa upole uliopungua. Akaketi, mkoba mapajani, pua karibu iguse kioo. Kama hawataki akae nao, basi atawakodolea macho mpaka wamalize.

Alifikaje pale? Hapo ndipo kwenye maneno.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao. Huyu anamwogesha, yule anamlisha, mwingine anamfunga bendeji ya mguu, na nyumba zenyewe hazifuatani hata kidogo. Mabasi hayaingii mitaa ile ya watu wenye bustani, kwa hiyo bila gari hana kazi, na bila kazi hana kibali cha kukaa. Gari lenyewe lilikuwa dogo, limeshachoshwa na watu wengine kabla yake, na tangu walinunue halikuwahi kuguswa na mkono mwingine ila wa Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa alikuwa binamu wa mumewe, mkubwa kwa umri na kwa heshima, na kila mtu alimwita hivyo kwa kuwafuata wale pacha wawili wa Mama Pacha. Ndiye aliyewapokea walipofika na masanduku yao, akawapa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi mpaka walipopata pa kwao. Huko kwao alikuwa fundi wa kutajika, mtu wa kuegemea boneti, akasikiliza injini, akakutajia ugonjwa wake. Huku ugenini mikono hiyohiyo ilikuwa inaosha masufuria katika jiko la hospitali. Lakini ikifika Jumamosi alivaa ovaroli yake, akashuka nyuma ya jengo alimokaa, na watu wa kwao walikuwa wamekwisha kumpangia magari foleni. Ulimpa ulichonacho, na kama huna alikufukuza kwa utani. Siku nyingine zote alikuwa mzee wa masufuria. Jumamosi alikuwa Fundi.

Mama Pacha, kwa mafunzo ya babake, alikuwa akikaa naye mwanzo mpaka mwisho. Na ndiyo maana aliona. Sevisi iliyopita mzee alimimina oili nusu ndani, nusu juu ya injini, akaifuta kwa kitambaa huku akicheka. Spana iliyokuwa mbele yake aliitafuta kwa kupapasa. Mama Pacha alimwambia breki zinalia, pedali inazama. Mzee akainama kwenye gurudumu kidogo tu, akainuka akipangusa mikono. Akasema bado zina maisha, wasitupe pesa bure. Mama Pacha akatamani kumwomba atazame tena, ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekupa kitanda chake utamwambiaje kwamba kazi yake humwamini? Moyoni akasema mzee amekuwa mzembe, amechoka kufanyia watu kazi za bure.

Nyumbani alijaribu kumwambia mumewe, aliyekuwa amerudi kutoka kiwanda cha mikate na unga bado uko kwenye nyusi. Mume hakumwacha amalize. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, akamwambia, hao mafundi wa huku ndio watakaokumaliza. Na mzee akisikia umepeleka gari kwa wengine, atasema nini? Atasema shukrani ya punda ni mateke, na atakuwa amesema kweli. Kama unaogopa, endesha polepole. Mama Pacha alimtazama mwanamume huyo, akajiuliza kama aliolewa naye kwa ajili ya akili au kwa ajili ya mikate.

Mlio wa breki ukageuka mkwaruzo. Kisha, asubuhi moja wakiteremka mlima wa kwenda shule, pacha wote wawili nyuma, basi la mbele likasimama ghafla. Mama Pacha akakanyaga, gari likaendelea. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, na gari lilipokubali kusimama, kati yake na lile basi usingepitisha hata mkono. Pacha wa kike akauliza mbona mama anatetemeka. Akajibu ni baridi, na lilikuwa jua kali.

Siku ileile aliamua. Alianza na kampuni kubwa inayouza magari ya aina yake. Kulikuwa na zulia, kahawa ya bure na kijana mwenye tai, na alipotajiwa bei ya sevisi ya kawaida alielewa nani analipia zulia. Akaaga. Mwenzake wa kazini ndiye aliyemwelekeza gereji iliyo nyuma ya duka la matairi, upande wa pili wa mji. Wale, alisema, wanakutajia bei kabla ya kushika spana, na wakikuta ubovu mwingine wanakuuliza kwanza ndipo waguse. Mama Pacha alipiga simu kuuliza bei, akaiuliza tena kuhakikisha, maana lugha yao ilikuwa bado inamteleza. Ilikuwa bei ya mtu wa kawaida.

Ilibaki jambo moja: nani atawatoa watoto shule? Mumewe angekuwa kazini, simu yake imefungiwa kabatini. Siku ambazo Mama Pacha alipangiwa zamu ya ziada, Baba Mkubwa ndiye aliyewachukua, ana kigari chake cha mizigo cha zamani. Basi Mama Pacha akampigia, akamwambia amepewa zamu ya ziada. Sauti yake mwenyewe ikamsuta. Mzee akajibu bila kuuliza, "Usijali, mama. Wanangu hao." Njia ya mwongo fupi, lakini siku ile aliiona inatosha kumfikisha gereji na kumrudisha.

Sasa turudi pale kwenye kioo.

Fundi aliyelishika gari lake alichukua tochi, akaingiza kichwa pale lilipotolewa gurudumu la mbele, akatazama. Alitazama kwa muda. Alisogea, akakunja uso, akatazama tena kutoka upande mwingine. Mama Pacha akamwangalia mtu yule anavyotazama. Baba Mkubwa hakutazama hivi. Baba Mkubwa aliinama, uso ukaelekea gurudumu, lakini macho yake yalikuwa kwenye lami.

Akakumbuka ile oili. Akakumbuka spana iliyopapaswa, tochi aliyoambiwa ashike mchana kweupe, simu ambayo mzee aliisoma ikiwa imegusa pua. Akakumbuka siku walipokutana kwenye ngazi, mzee akampita kama hamjui, mpaka aliposema shikamoo ndipo akarudi nyuma akiomba radhi. Mungu wangu. Hakuwa mzembe. Alikuwa haoni.

Na kwa saa ya ukutani, shule ilikuwa inafungua milango watoto watoke. Asiyeona alikuwa ameshika usukani, na watoto wake alikuwa amemkabidhi mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa uongo.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Baba Mkubwa alikuwa na sheria yake, akiwa barabarani hapokei simu ya mtu, na wote walikuwa wakimsifu kwa hilo. Akapiga shuleni. Karani akamjibu kwa furaha kwamba watoto wameshaondoka na mzee wao. Mama Pacha akasukuma ule mlango wa herufi nyekundu, safari hii hakurudishwa, akamwambia fundi kwa maneno yaliyovunjikavunjika arudishe magurudumu, sasa hivi, anaondoka.

Fundi akamnyooshea kiganja. Juu yake kulikuwa na pedi ya breki, ile ya ndani, isiyoonekana mpaka mtu ainame kweli. Haikuwa na kitu. Chuma kitupu, kimekwaruzika mpaka kinang'aa. Akamwonyesha kwa ishara kwamba gari hilo halitoki pale bila pedi mpya, na akamwuliza kama azifunge. Mama Pacha akatikisa kichwa kukubali, huku machozi yameshafika. Akatoka mpaka barabarani, lakini teksi hazipiti kule, na kwa miguu angefika jioni. Akarudi. Akasimama, akakaa, akasimama. King'ora cha gari la wagonjwa kikapita mbali upande wa shule, akampigia mzee tena, simu ikaita mpaka ikakata. Alijilaani. Alimlaani mumewe na zimwi lake. Akaona jinsi wote, watu wazima wenye akili, walivyomwepushia mzee aibu ndogo na kuwafungia watoto ndani ya aibu kubwa.

Gari liliposhushwa alilipa bila hata kutazama. Ulimi wenyewe, kwa mazoea ya baba yake, ukaomba vifaa vya zamani. Dada wa mapokezi akashangaa, akampa pedi zile kwenye mfuko wa karatasi.

Kwenye taa za kwanza alikanyaga breki kama alivyozoea, kwa nguvu zote, na gari likakita papo hapo mpaka mkoba ukaruka kutoka kitini. Akaendelea, macho kila njia panda, akitafuta kigari cha mizigo, akitafuta umati wa watu, akitafuta kiatu cha mtoto barabarani. Hakuona kitu. Kisha, kwenye kivuko kikubwa karibu na nyumbani, akawaona.

Walikuwa wanatembea. Mzee katikati, pacha mmoja kila mkono, mabegi yote mawili mgongoni kwake. Walisimama ukingoni na pacha wa kike akasema kwa sauti, kama mtu aliyezoea kazi yake, "Nyekundu, Baba Mkubwa." Mzee akasimama wima. Magari yakapita. "Kijani." Wakavuka.

Mama Pacha alisimamisha gari upande wa pili, akavuka hata hajui vipi, akawakumbatia wanawe mpaka wakalalamika. Akauliza kigari kiko wapi. Pacha wa kiume akamwangalia mzee kwanza, kisha akasema kigari kimelala siku nyingi, wao hutembea, na ni siri yao.

Mzee hakugeukia watoto. Uso wake ulikuwa umeelekea kule gari liliposimama.

"Umetia pedi mpya," akasema.

Masikio yale hayakuwa na tatizo. Mama Pacha angeweza kudanganya tena. Badala yake akafungua mfuko wa karatasi, akamwekea ile pedi ya ndani mkononi. Mzee akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja tu.

"Hii ndiyo niliyokwambia ina maisha?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na hawa walikuwa wanapanda?"

"Kila siku."

Mzee akatafuta ukuta mfupi wa bustani ya watu kwa mkono, akaketi. Alisema kigari chake amekiegesha mwenyewe tangu siku alipomkosakosa mtoto wa mtu, akaapa hatashika usukani tena. Gari akaliacha, spana ikamshinda kuiacha. Alidhani vidole vinatosha.

"Mbona hukutuambia?" Mama Pacha aliuliza, na hasira ilikuwa imemjaa pamoja na huruma, hajui aanze na ipi. "Tungekucheka?"

"Msingenicheka. Mngenipa pole." Alikuwa bado anaisugua ile pedi. "Jumamosi ningekuwa nani, Mama Pacha?"

Mama Pacha alitaka kumwambia kuna hospitali, kuna miwani, kuna upasuaji, na yote hayo atamwambia, kesho na keshokutwa, mpaka amchoshe. Kwa wakati ule alimwambia ukweli wake tu, kwamba hakuwa na zamu yoyote, kwamba alikwenda kwa mafundi wengine kwa kujificha, na kwamba walimweka nyuma ya kioo.

"Hukukaa nao?" mzee akauliza, na kwa mara ya kwanza akashtuka kweli.

"Hawaruhusu. Nilitazama kwa mbali."

"Ulitazama," mzee akasema. "Mimi uliyekaa nami ndiye hukunitazama." Akaitia ile pedi mbovu mfukoni mwa koti lake, kwa kuwa ilikuwa ya kwake, akasimama.

Wakasogea mpaka ukingoni mwa kivuko, maana gari lilikuwa ng'ambo. Pacha wa kike akavuta pumzi aseme rangi, kama kawaida yake. Mzee akambonyeza mkono kidogo, anyamaze. Kisha akaunyoosha mkono wake wa pili, akaupapasa mkono wa Mama Pacha, akaushika, mbele za watu.

"Rangi gani hiyo, mama?"

"Nyekundu, Baba Mkubwa," akamwambia, na wakangoja pamoja.