Waliokuja Kunipa Pole Shambani

Mama yangu alipofariki Tanga, mwaka 2016, sikuwa na nauli ya kwenda kumzika. Lakini kilichonitoa jasho wiki ile ni simu ya shoga yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg. "Jumapili tunakuja kwako kumsomea marehemu khitma," alisema.

"Msijisumbue, nitakuja mimi."

"Uje vipi na wewe ndiye uliyefiwa? Tuelekeze tu."

Miaka yote nilikuwa nimewaambia yeye na wenzake kwamba nakaa Randburg, nyumba yenye bustani. Kweli ni kwamba nilipanga chumba cha mabati mbele zaidi ya Randburg, kwenye mashamba ambayo mji wa Johannesburg ulikuwa bado haujayameza, nikifuga kuku wa kuuza. Choo cha shimo tulichangia mimi na jirani yangu, bibi mzee tuliyemwita gogo, yaani nyanya kwa Kizulu, aliyezaliwa palepale. Mwenye shamba alikuwa ameshauza kwa kampuni ya ujenzi. Tulikuwa tunangoja kuambiwa tuhame.

Niliwaelekeza hadi barabarani tu. Jumapili simu ikalia. "Tumefika! Mashallah, shoga, majumba gani haya!"

Nikatoka mbio. Walikuwa wamesimama na mabuibui yao barabarani, chini ya bango kubwa lenye picha za nyumba za matofali, mabomba ya moshi juu ya paa, mawaridi mlangoni, mfano wa kijiji cha Uingereza. Ndivyo patakavyokuwa. Wao walikuwa wakichungulia nyuma ya uzio, wakitafuta ipi yangu.

"Si hapo," nikasema. "Nifuateni."

Tulipita mabanda ya kuku, mmoja wao akiinua buibui lisiguse kinyesi. Chumbani hatukuenea. Gogo, aliyekuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima ya msiba wangu, akatandika mikeka nje na kubandika chai. Khitma ikasomwa.

Baadaye wageni walimuuliza gogo habari zake, nami nikatafsiri. Baba yake alikamua ng'ombe wa Mzungu hapo, na bwawa la nyuma alilichimba yeye. Pande zote walikuwapo watu, wakilima mboga za kupeleka mjini, wakiwa na kanisa na shule. Zikavunjwa nyumba moja baada ya nyingine.

"Mume wangu yuko kule," akasema, akionyesha makaburi kwenye miti. "Wameniambia watamhamisha. Hawajasema wapi."

Wanawake wale wakamlilia. Mimi mfiwa macho yalikuwa makavu, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameuliza choo kiko wapi, nami niliwaza aibu ya lile shimo tu.

Wakati wa kuagana shoga yangu alinishika mkono. "Ungetuambia tu."

Matrekta yalikuja kabla ya mvua. Mabaki ya mume wa gogo yalihamishiwa makaburi ya manispaa, naye akachukuliwa na binti yake. Mimi nilifuatwa na shoga yangu kwa gari la kuazima. Alibeba godoro langu kichwani mbele ya wajenzi, nami nikimfuata nyuma nikitamani ardhi inimeze. Akanipa chumba alichokatia vitambaa.

Asubuhi ya kwanza aliniletea chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifungua kinywa nimjibu, ndipo kilio kikanitoka.